Tumaini la mbinguni halijawalaza watu wa Soweto West

Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ walipoandika Ngaahika Ndeenda, mchezo ulioigizwa na wanakijiji wenyewe huko Kamĩrĩĩthũ, Limuru, mwaka 1977, shtaka moja zito walilolipeleka jukwaani lililihusu kanisa. Tajiri anamjia kibarua wake na dini mkononi, anamhimiza yeye na mkewe wakabariki ndoa yao kanisani, na kibarua anapozinduka, kipande chake cha ardhi kimekwenda na mkopo. Serikali iliupiga marufuku mchezo huo, na mwaka ulipokuwa ukimalizika Ngũgĩ wa Thiong'o akatiwa kizuizini. Shtaka lenyewe halikufungwa pamoja naye. Limeendelea kuzunguka vyuoni, vijiweni na siku hizi katika simu za vijana: kwamba maskini wa Kenya ameahidiwa mbingu ili asidai maji, na ameelekezwa kwenye makao ya juu ili asiulize ni nani anayemiliki haya ya chini. Karl Marx alikuwa ameshaiita dini kasumba tangu miaka ya 1840, lakini Mkenya hakuhitaji kumsoma Marx ili alifikie wazo hilo. Alikuwa na mlowezi na misheni mbele ya macho yake. Nataka kulijibu shtaka hili kwa kulipeleka mahali ambapo, kama ni la kweli, lingethibitika bila taabu, yaani Soweto West, Kibera, jijini Nairobi. Dai langu ni kwamba tumaini la mbinguni, likifundishwa lilivyo, halimpumbazi maskini. Linampa nguvu ya kudumu katika kazi ambayo haoni matunda yake, na linamwekea kipimo cha kuihukumu hali anayoishi.

Soweto West ni kimojawapo cha vijiji vya Kibera, jirani na Kianda na Gatwekera, na jina lake ni la kuazima kutoka kitongoji cha Johannesburg kilichopata sifa kwa kukataa kunyamaza. Ardhi inahesabiwa kuwa ya serikali. Nyumba za mabati na udongo zina wenyewe, na wengi wa hao wenyewe hawalali humo. Mpangaji hulipa kodi kila mwezi kwa chumba kisicho na choo wala mfereji, na hana karatasi yoyote ya kumlinda siku trekta likifika. Maji hununuliwa kwa mtungi. Kwa miaka mingi ilisemwa kwamba Kibera ina watu milioni moja, mpaka sensa ya 2009 ilipokuta 170,070. Hata kuhesabiwa kwao kumekuwa jambo la wengine kujinufaishia. Kazi ni vibarua: mjengo, viwanda vya Industrial Area vinavyoendewa kwa miguu, nguo za kufua Lang'ata, na kwa wenzao wa mtaa wa mabanda wa Kawangware nguo za kufua Lavington. Katika vichochoro hivyo makanisa ni mengi kuliko zahanati. Kuna Wakatoliki, Waanglikana na Wasabato, kuna Legio Maria na makanisa ya Roho, na kuna vibanda vya Kipentekoste vyenye spika kubwa kuliko madhabahu. Haki inatudai pia tukumbuke kwamba Kibera haikuanza na Wakristo. Wanubi, ambao ni Waislamu, waliwekwa hapa na serikali ya kikoloni mwanzoni mwa karne ya 20 baada ya kuitumikia katika jeshi la King's African Rifles, na wana tumaini lao la akhera ambalo lingestahili makala yake lenyewe.

Tuanze na swali la msingi. Je, tumaini kama hilo linamfaa mtu kweli, au ni maneno ya mimbarini tu? Mwaka 2014 wanasaikolojia Shigehiro Oishi na Ed Diener walichapisha utafiti uliotumia takwimu za shirika la Gallup kutoka nchi 132. Watu wa nchi tajiri waliridhika zaidi na maisha yao, jambo lisilomshangaza yeyote. Walipoulizwa kama maisha yao yana kusudi au maana, hata hivyo, wa nchi maskini ndio waliokubali kwa wingi zaidi, na sehemu kubwa ya tofauti hiyo ilielezwa na dini. Takwimu hizi zina mipaka yake. Hazikukusanywa Kibera, na mambo mawili kuandamana hakumaanishi kwamba moja limezaa jingine. Lakini ziko tafiti zilizochimba zaidi. Mwaka 2005 Gene Ano na Erin Vasconcelles walizipima kwa pamoja tafiti 49 kuhusu watu waliokabili dhiki wakiwa na imani, wakaona mgawanyiko wa wazi. Waliomtegemea Mungu kama mwenzi na kuamini wema wake walistahimili vyema. Walioyaona masaibu kuwa adhabu yake, au kuhisi amewatupa, waliumia zaidi. Hapa pana jambo ambalo watetezi wa dini hupenda kuliruka. Kuamini peke yake hakutoshi kuwa habari njema. Inategemea ni Mungu yupi aliyefundishwa mtu, na ni mbingu ipi aliyoelekezwa kuitazamia.

Kibera imeshaziona imani za aina zote mbili. Serikali ilitangaza Ukimwi kuwa janga la kitaifa Novemba 1999, maelfu wakiwa wameshazikwa. Dawa za kupunguza makali zilianza kutolewa bure Kibera na Madaktari Wasio na Mipaka mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kabla ya hapo mgonjwa wa chumba cha mabati alikuwa na jamaa zake, kama hawajamkimbia, na alikuwa na wahudumu wa kujitolea, wengi wao akina mama wa makanisa, waliopita mlango kwa mlango wakiosha vidonda, wakikoroga uji, wakibadilisha shuka. Wakati huohuo zilikuwapo mimbari zilizotangaza kwamba ugonjwa ule ni fimbo ya Mungu, na baadaye wakatokea wachungaji waliowaambia waumini waache vidonge kwa kuwa wameshaponywa. Lakini mtazame yule mama mwenye beseni. Hakuwa na dawa. Alijua kwamba anayemwosha leo atakufa, na kwamba wiki ijayo ataosha mwingine. Hesabu yoyote ya kidunia ingemwambia kazi yake ni bure. Mtume Paulo anaimaliza hoja yake ndefu ya ufufuo, katika waraka wa kwanza kwa Wakorintho, kwa kuwaambia wasomaji wake waendelee kufanya kazi kwa sababu taabu yao haitapotea. Wengi wetu huisoma sura ile ya 15 makaburini na kusahau kwamba mwisho wake unahusu kazi. Tumaini la mbinguni lilimpa mama yule sababu ya kufanya jema lisilo na dalili ya kushinda, na sioni kitu kingine mtaani ambacho kingempa sababu hiyo kwa miaka mingi mfululizo bila mshahara.

Linganisha na matumaini yenye tarehe. Mradi wa serikali na UN-Habitat wa kuboresha mitaa ya mabanda ulizinduliwa mwaka 2004, Soweto East ikiwa ya kwanza. Wakazi walihamishiwa majengo ya muda Lang'ata mwaka 2009, na nyumba 822 zikakabidhiwa mwaka 2016. Ni nyumba nzuri kwa waliozipata. Lakini mtoto aliyezaliwa siku ya uzinduzi alikuwa keshaingia madarasa ya juu ya shule ya msingi walipopewa funguo, na majirani wa Soweto West waliendelea kuzitazama kutoka upande wa pili. Sisemi hivi ili kuupuuza mradi. Maskini hali wala halali ndani ya mahubiri. Nasema kwamba anayeishi kwa ahadi za serikali peke yake huvunjika moyo mara ya tatu au ya nne zinapoahirishwa, na aliyevunjika moyo hafiki kwenye mkutano wa tano. Wanaofika mkutano wa tano ni watu ambao ari yao inatoka mahali pasipo na wizara.

Mbingu ya Soweto West inaonekana vizuri zaidi matangani kuliko mahubirini. Makaburi ya Lang'ata, ambayo yako jirani, yalitangazwa kujaa tangu miaka ya 1990, na kwa wengi si nyumbani hata hivyo. Maiti lazima ifike Siaya, Vihiga, Kisii au Makueni. Kuna bili ya mochari, jeneza, gari, chakula cha wasindikizaji, na familia yenyewe pengine haina hata kodi ya mwezi. Kila jioni watu hukusanyika, daftari hufunguliwa, michango ya shilingi hamsini na mia huingia kwa mkono na kwa M-Pesa, na wimbo hufuatwa na maombi. Nyuma ya shughuli hii, kwa Wakatoliki, zipo jumuiya ndogo ndogo ambazo maaskofu wa Afrika Mashariki walizifanya kuwa nguzo ya uchungaji katika miaka ya 1970. Madhehebu mengine yana vikundi vyao vya akina mama na vya vijana. Mtaalamu wa uchumi atasikitika kuona fedha za walio hai zikitumiwa kwa wafu. Mkosoaji atasema kwamba ni mila za Waluo na Waluhya zaidi kuliko Injili, na kwa sehemu atakuwa sawa, kwa maana ardhi ya mababu na woga wa aibu vina nguvu zao. Lakini mila zinamdai mtu wa ukoo. Hazimdai Mkamba amchangie Mluhya wa chumba cha pili. Hilo linadaiwa na imani kwamba maiti ile, ambayo jiji halikuwahi kuipa hata anwani, ni ya mtu atakayefufuliwa. Ukristo haukuwahi kufundisha kwamba roho peke yake ndiyo yenye thamani. Unafundisha ufufuo wa mwili, jambo ambalo msomi wa Biblia N. T. Wright amelisisitiza kwa miaka mingi dhidi ya Wakristo wenzake waliolisahau, na ambalo wachangiaji wa Kibera hulitekeleza bila kumsoma.

Nisiwapambe. Katika ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, zilizoua watu 1,133 nchini kwa hesabu ya Tume ya Waki, Kibera ilichanika kwa kabila, na waliokuwa wakishiriki meza moja ya Bwana walichomeana nyumba. Baraza la Kitaifa la Makanisa, NCCK, lilikiri Februari 2008 kwamba viongozi wa kanisa walikuwa wameegemea pande, likaomba radhi. Imani iliyohubiriwa kila Jumapili ilishindwa Jumatatu. Lakini angalia ni nini kilichokuwa kimechukua nafasi yake: makanisa yalikuwa yamehamishia tumaini lao kwa wagombea. Kosa lao halikuwa kuitazama mbingu kupita kiasi.

Sasa tuje kwenye kipimo. Wanaosema kwamba mbingu huwafanya watu waikubali hali yao hawajasoma vizuri mbingu yenyewe ilivyoelezwa. Katika sura ya 65 ya kitabu cha Isaya, ulimwengu mpya wa Mungu unachorwa kama mahali ambapo mtu anajenga nyumba na kukaa ndani yake mwenyewe, bila mwingine kuja kuinyakua, na ambapo mtoto mchanga hafi mapema. Ufunuo, sura ya 21, unasema kwamba jiji takatifu linashuka huku kwa wanadamu, na Mungu anafanya makao kwao. Msome Isaya huyo kwa mpangaji wa Kibera halafu kumbuka Julai 23, 2018, alfajiri, matrekta yalipoingia kufungua njia ya barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata. Watu wapatao 30,000 walipoteza makao, na shule na makanisa yakalazwa chini pamoja na vyumba. Mtu asiye na picha ya ulimwengu ulionyooka anaweza kuona tukio kama lile kuwa mkosi, au utaratibu wa mji. Aliyefundishwa Isaya analiona ni dhuluma, na ana jina la kuliita. Papa Fransisko alipozuru kanisa la Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi huko Kangemi, mwendo mfupi kutoka Kawangware, Novemba 27, 2015, hakuwaambia wakazi wasubiri makao ya juu. Alizungumzia haki ya maji, akalaani unyakuzi wa ardhi unaofanywa na wawekezaji wasioonyesha sura zao, na akausifu mshikamano wa watu wa mitaa hiyo. Hiyo haikuwa siasa iliyobandikwa juu ya dini. Ni kipimo kilekile cha Isaya kikiwekwa juu ya Nairobi.

Kipimo hicho kina upande wa hukumu, na upande huu ndio matajiri wasiopenda kuusikia. Katika mfano wa Lazaro na tajiri, kwenye Injili ya Luka, mbingu si zawadi ya kumtuliza ombaomba tu; ni kesi dhidi ya aliyempita mlangoni kila siku. Ndiyo maana watumwa wa Marekani waliimba Kanaani kwa namna ambayo bwana zao hawakuielewa. Frederick Douglass, aliyetoroka utumwani, aliandika mwaka 1855 kwamba yeye na wenzake walipoimba hivyo walimaanisha Kaskazini, kwenye uhuru. Na ndiyo maana watawala wa Afrika Mashariki wamepata shida na watu wa namna hiyo. Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa Kampala Februari 16, 1977, baada ya kumpinga Idi Amin. Askofu Alexander Muge wa Eldoret alionywa na waziri Agosti 1990 kwamba akikanyaga Busia huenda asitoke hai. Alikwenda, akahubiri, na akafa katika ajali ya barabarani akirudi, Agosti 14. Aliyeshawishika kwamba kaburi halina neno la mwisho ni vigumu kumtisha, na serikali ya kiimla ina nini kingine mkononi zaidi ya vitisho?

Najua msomaji amekuwa akingoja jina moja, na asingekuwa wa Kenya kama hangelingoja: Shakahola. Tangu Aprili 2023 zaidi ya miili 400 imefukuliwa katika msitu huo wa Kaunti ya Kilifi, watu wanaosemekana kuambiwa wafunge mpaka kufa ili wakutane na Yesu. Mhubiri Paul Mackenzie ameyakana mashtaka. Uganda ilikuwa imeyaona ya Kanungu, Machi 17, 2000, ambapo mamia waliteketea. Hakuna hoja ya kitaalamu inayoweza kuyafunika haya, na kanisa haliwezi kunawa mikono kwa kusema wale si wa kwetu, maana maneno yaliyotumika yalikuwa yetu: mbingu, mwisho wa dunia, Bwana anakuja. Shirika la Pew lilipohoji watu wa nchi 19 za Afrika kusini mwa Sahara, ripoti yake ya 2010 ilionyesha kwamba kila mahali angalau nusu ya Wakristo walitarajia Yesu arudi wakiwa hai. Udongo ulikuwa tayari. Lakini angalia mbegu iliyopandwa. Pale mwili ulifanywa adui, shule na hospitali zikafanywa najisi, na kifo kikafanywa mlango wa kusukumwa. Paulo, alipokuwa gerezani akiwaandikia Wafilipi, alikiri wazi kwamba angependa kwenda zake akakae na Kristo, kisha akaamua kwamba kubaki kunafaa zaidi kwa sababu wao walimhitaji. Hapo ndipo mafundisho hayo mawili yanapoachana. Tumaini la Kikristo humrudisha mtu kwa wanaomhitaji. Lile la Shakahola liliwaondoa wazazi na watoto wao. Jopo lililoundwa baada ya maafa hayo, likiongozwa na Mutava Musyimi, lilipendekeza sheria na usajili, na sheria ni lazima. Hata hivyo, mbingu iliyofundishwa vibaya hairekebishwi na msajili wa vyama. Inarekebishwa na aliyefundishwa ilivyo.

Onyo lilikuwa limetolewa mapema na Mkenya mwenzetu. John Mbiti, mwanateolojia mzaliwa wa Kitui, alichapisha mwaka 1971 kitabu kuhusu mambo ya mwisho katika Agano Jipya yakilinganishwa na fikra za Kiafrika. Alichunguza mafundisho ya misheni ya Africa Inland kwa Wakamba, akaona kwamba picha za Biblia zilikuwa zimepokewa neno kwa neno, mpaka mbingu ikawa nchi ya starehe ya kukimbilia, isiyo na uhusiano na maisha ya hapa. Yeye hakuwa mpinzani wa imani, alikuwa kasisi. Ukosoaji wake bado una kazi, ila leo ugonjwa umegeuka. Pita Kawangware au Kibera ukasome mabango ya mikutano ya injili. Ni nadra kuiona mbingu. Utaona gari, visa, ndoa, kupandishwa cheo, na namba ya kutuma sadaka ya mbegu. Hapo ndipo ninapowashangaa wanaoendelea kupambana na mbingu kana kwamba ndiyo inayowanyonya maskini leo. Anayemwambia mama mboga kwamba akitoa elfu mbili Mungu atamrudishia elfu ishirini mwezi huu hamwahidi mbingu. Ameifuta. Amemwambia pia, bila kutamka, kwamba akibaki maskini kosa ni lake, imani yake ilipungua. Hiyo ndiyo imani ambayo tafiti zile 49 zingetuambia inavunja mtu, kwa sababu kila taabu inakuwa ushahidi kwamba Mungu amemkataa.

Lipo pingamizi la mwisho, nalo ni gumu kuliko yote: huenda hiyo mbingu haipo kabisa. Faraja si ushahidi, na wengi wamefarijiwa na uongo. Nakubali, na Paulo alikubali kabla yangu; aliandika kwamba kama ufufuo si kweli, Wakristo ndio watu wa kusikitikiwa kuliko wote. Gazeti haliwezi kuamua kesi hiyo. Lakini haya ni mashtaka mawili, na yasichanganywe. Anayesema mbingu si kweli alete hoja zake tumsikilize. Anayesema inawadhuru wanaoiamini ana mzigo mwingine, nao, kwa ushahidi wa mama mwenye beseni na wa daftari la matanga, haujabebeka. Tena ana swali la kujibu. Tuseme haki yote tunayoidai inapatikana kesho: hati za ardhi, mifereji, hospitali, mahakama zisizonunulika. Waliouawa Kibera Januari 2008 watapata nini? Na watoto waliokufa kwa kuharisha kwa sababu ya maji ya mfereji uliopasuka? Mapinduzi ya Ngũgĩ, hata yangefaulu kwa kila namna, yangewafikia hao wakiwa wamechelewa. Tumaini la kidunia lina haki kwa watakaokuja tu, na kwa wafu lina mnara wa kumbukumbu. Mkristo wa Soweto West anakataa hesabu hiyo. Anasisitiza kwamba yule mtoto hajafutwa katika daftari, na kwamba haki isiyomfikia yeye bado ni nusu haki. Mtu anaweza kumwona amekosea. Sioni jinsi anavyoweza kumwona amelala.

Makanisa ya Kibera na Kawangware basi yana deni. Mazishi yasigeuzwe kuwa dakika tano za mbingu na saa mbili za wanasiasa. Isaya 65 isomwe pamoja na Zaburi zilizozoeleka, na wenye nyumba wanaoketi viti vya mbele waisikie. Novemba 2024, katika Soweto nyingine ya jiji hilihili, ile ya Kayole, Rais William Ruto alitoa zaidi ya shilingi milioni 2 kwa kanisa Katoliki la mtaa huo, na Askofu Mkuu Philip Anyolo akaagiza zirudishwe. Wapo waliosema amewanyima maskini. Mimi naona aliwakumbusha kwamba kanisa lenye tumaini lake mahali pengine halina sababu ya kununuliwa. Uchaguzi mwingine ni Agosti 2027, na bahasha zimeshaanza kutembea. Wachungaji wa Soweto West wazirudishe.